Upande wa Matonya Kitandani

Loisi alikuwa akiyeyusha madini ya risasi kwenye sufuria iliyokatika mkono, upenuni, amekaa upande ambao moshi haukumfuata. Yalipolegea alitupia kipande cha nta, akakoroga, akaengua takataka, kisha akachota kwa upawa na kumimina kwenye kalibu. Risasi mbili tatu za kwanza hutoka na makunyanzi kwa sababu kalibu bado ni ya baridi, na hizo hurudi sufuriani. Zilizofuata zilitoka laini, nene kama kidole gumba, maana bunduki ya kijiji ni ya zamani na mdomo wake ni mpana. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na huko Chemba hakuna aliyeshangaa kwamba mwenye kalibu ni mwanamke.

Madini hayapatikani ovyo, kwa hiyo hayatupwi. Mnyama akishaanguka, mpigaji huichimbua risasi kwenye nyama na kuirudisha kwenye kopo la Loisi ili iyeyushwe upya. Mpigaji mwenyewe ni Optatus, binamu ya marehemu mumewe, mtu mchangamfu, mwepesi wa kusaidia, na ndiye pekee mwenye leseni kijijini.

Marehemu, Matonya, alikwenda kurina asali jioni moja akarudishwa amebebwa, ana tundu kifuani. Optatus, aliyekuwa huko huko porini, alisema ni pembe ya mbogo. Mbogo alikuwapo kweli, dume la peke yake, lenye hasira, lililokuwa likiwazuia wanawake kisimani, na kijiji kikaafiki. Optatus alikuwa miongoni mwa wanaume waliouosha mwili, akalia kuliko wote, na baada ya mazishi akapita upenuni na kutumbukiza kipande cha madini koponi kama afanyavyo siku zote. Mkono ulishazoea. Baadaye sana ndipo Loisi alipokumbuka kwamba wiki ile hakuna mnyama aliyepigwa.

Kibali cha kumuua mbogo kilipotoka wilayani, Loisi alimimina risasi, Optatus akazipakia kwenye maganda yake, akaenda kisimani. Alilenga vizuri. Risasi ilitoka, ikafika nusu ya njia, ikageuka. Ilirudi kijijini kwa mwendo wa mtu anayetoka shamba, kwenye kimo cha kifua, ikapita katikati ya uwele bila kuvunja bua. Mlangoni kwa Loisi iliinama kidogo, kwa sababu Matonya alikuwa mrefu na ndivyo alivyokuwa akiingia. Kwenye kamba ya nguo, katikati ya chumba, lilining'inia koti alilofia. Risasi ikapenya kwenye tundu la koti bila kugusa uzi, ikaenda kujilaza kitandani, upande wa ukutani, alikokuwa akilala yeye.

Loisi aliifunika shuka.

Risasi ya pili ilifanya vivyo hivyo, na zilizofuata pia. Majirani walizoea. Bunduki ikisikika upande wa kisima, waliwavuta watoto pembeni na kuacha njia wazi, na mmoja wao akakihamisha kinu chake kilichokuwa kikizuia. Kilichowakera ni mbogo. Maji yalitekwa mbio mbio, na Sidonia, binti pekee wa Loisi, alishanusurika kwa kuacha ndoo na kupanda mti. Tangu hapo mama yake hakula mpaka mtoto arudi kutoka kisimani.

Mwenyekiti wa kijiji, Elieza, aliitisha kikao uani kwa Loisi. Ili wazee wajionee, Optatus alipiga moja hewani. Ilizunguka mgunga, ikawapita katikati, ikainama mlangoni, ikapenya koti. Mzee mmoja alisogeza kigoda ili isimguse goti. Wote waliona jinsi risasi na tundu vilivyolingana, wakainamia vidole vyao vya miguu.

Loisi alisimama mbele yao. Alisema hataki kesi wala fidia. Alijua kulikuwa na giza, na mtu aliyeko juu ya mti anaweza kudhaniwa mnyama. Alitaka tu shemeji yake aseme mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyepiga.

Optatus alipangusa bunduki kwa shati lake. Elieza alikohoa.

"Mama Sidonia," alisema, "haya madini yamechoka. Tutaagiza mengine mjini."

Kikao kikafungwa.

Madini mapya yalikuja na lori kutoka gereji moja ya Dodoma mjini, vile vipande vinavyobanwa kwenye ringi za magari. Optatus aliyaleta asubuhi, pamoja na sufuria mpya, akachuchumaa ng'ambo ya moto. Yalipoyeyuka, Loisi aliingia ndani, akatoka na risasi moja ya kitandani, akaishika juu ya mvuke. Wote wawili walielewa. Ikidondoka hiyo moja, sufuria nzima itakuwa ya Matonya, na Optatus atasimama mbele ya mbogo na bunduki isiyomsaidia.

"Sema tu, shemeji," Loisi alisema. "Tupo wawili."

Jasho lilimtiririka Optatus puani. Njiani Sidonia alikuwa akipita na ndoo, akielekea kisimani. Wote wawili walimtazama.

"Mbogo ndiye aliyemuua," alisema Optatus.

Loisi aliishika risasi mpaka vidole vikaanza kuungua. Kisha akairudisha kitandani, akatoka, akatupia nta, akakoroga. Alimchukia Optatus kwa moyo wote, na risasi alizommiminia hazikuwa na kasoro.

Mbogo alianguka kwa risasi ya kwanza. Kijiji kilikula nyama, na Elieza akamletea Loisi pembe, akisema sasa haki imetendeka. Alipoondoka, Loisi aliijaribu pembe kwenye tundu la koti. Iliingia ncha, ikakwama.

Jioni Optatus alileta fungu lake la nyama. Kabla ya kupiga hodi alipita upenuni, akatumbukiza koponi risasi aliyoichimbua kwa mbogo. Alikaribishwa mkekani, akaketi akilikabili koti. Kitandani risasi zilijigeuza zikaelekea ukutani. Loisi alimpakulia ugali wa uwele na mlenda, na mgeni akala vizuri, kisha akainua bakuli tupu.

"Shemeji, mlenda bado upo?"

Loisi akamwongezea.