Vikapu Vitatu Kizingitini

Kwaru. Halafu kimya.

Kulikuwa hakujapambazuka. Mimi nilikuwa macho, maana mkono wangu wa kulia ukipata baridi huniamsha kabla ya jogoo. Sauti ile niliijua. Ni kikapu kikavu kinachowekwa juu ya jiwe la kizingiti. Nilikuwa nimeshaisikia mara mbili kabla ya siku hiyo, na mara zote mbili niligeukia ukutani nikalala tena. Anayeleta kitu gizani hataki kuonwa, nami sipendi kumwaibisha mtu kwa wema wake.

Lakini safari hii nilikuwa na mgeni. Pendo, binti mwanasheria, alikuwa amelala kitanda cha pili. Aliruka kama aliyesikia chui, akafungua mlango pekupeku, tochi mkononi.

"Nani?"

"Mimi," ikajibu sauti ndogo. "Zima taa, dada. Tafadhali, zima."

Sauti hiyo nayo niliijua. Ila kwanza nieleze Pendo alifikaje kwangu, maana alikuja kwa ajili ya shamba.

Naitwa Martina. Shamba langu liko Mgeta, kwenye mteremko, matuta yake yamepangwa kama ngazi na mfereji wa maji unapita juu yake. Kwetu Uluguru ardhi humfuata mama. Bibi yangu alimpa mama, mama akanipa mimi, na mimi nikiondoka ni la binti yangu Lucy, anayeishi mjini. Sina shamba lingine.

Januari ya mwaka tisini na tano niliteremsha karoti zangu Morogoro. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Malori ya Dar es Salaam yalikuja mpaka barabarani kwetu, na kila mwenye kabichi kumi alijiita mfanyabiashara. Hata katekista alianza kufupisha ibada siku za lori. Nililala Mwembesongo kwa Lucy, na asubuhi nikielekea sokoni kijana mmoja akauvuta mkoba wangu. Kwa ujinga wangu sikuuachia. Akanisukuma mtaroni, mkono ukavunjika mahali pawili.

Wauza chapati walimkimbiza wakamkamata. Mmoja wao, mama mnene ambaye mpaka leo sijui jina lake, alivua khanga ya begani akanifunga mkono, akaniachia khanga yenyewe. Ninayo bado.

Kesi ilikwenda mwaka mmoja na miezi minne. Siku ya hukumu kijana akafungwa, na watu wakanipiga mgongoni: "Mama, umeshinda!" Nikakaa kwenye benchi nje ya mahakama nikijiuliza nimeshinda nini. Hapo ndipo alipokuja msichana mwenye viatu vya visigino.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, ile kesi ilikuwa ya Jamhuri. Sasa nakuuliza wewe. Tangu siku ile ya mtaroni, kitu gani kimeharibika kwako?"

Polisi waliniuliza mwizi alivaa nini. Daktari aliniuliza panauma wapi. Swali hilo la Pendo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Akanieleza kwamba amemaliza sheria Chuo Kikuu, na kuna mfuko unaomlipa kwa mwaka mmoja awasaidie watu walioumizwa na wahalifu, katika yale ambayo kesi ya mwizi haiyagusi: nyumba, kazi, watoto, mashamba.

"Bure?"

"Bure kabisa, bibi."

Nikamtazama viatu. "Basi tafuta vingine. Kwetu ni mlima."

Maana kilichoharibika kilikuwa shamba. Mkono ukiwa kwenye plasta nisingeweza kushika jembe, kwa hiyo nilimwazimisha jirani yangu Dominiko shamba alime mpaka nipone. Kwetu anayelima shamba la kuazima, kila avunapo humpelekea mwenyewe kitu kidogo. Tunakiita ngoto. Si malipo. Ni namna ya kusema, bado najua kwamba hili ni lako. Dominiko alipovuna mara ya kwanza aliniletea jogoo mwekundu, na mimi nikafanya kosa. Nilimtazama jogoo, nikawakumbuka watoto wake saba, nikamwambia, "Rudi naye mwanangu, wapikie watoto."

Mavuno yaliyofuata hakuleta kitu. Na mkono ulipopona, nilipomwomba shamba langu, alikuwa ameshazungumza na tajiri mmoja wa Dar aliyetaka kununua miteremko yetu.

"Mama Martina," akaniambia, "ngoto nilikuletea, ukaikataa. Anayekataa ngoto si amelitoa shamba?"

"Dominiko! Nilikuonea huruma."

"Huruma ndiyo hiyo hiyo, mama. Ulinipa."

Nikapeleka shauri kwenye baraza la kata, na siku ilipopangwa nikamtumia Pendo barua kwa dereva wa lori. Baada ya siku nne alipanda mlima, amevaa raba mpya na malengelenge mapya. Akanambia bosi wake alimwuliza shamba linahusiana vipi na mwizi. "Nikamjibu, asingevunjwa mkono, asingeazimisha shamba. Akasema haya, nenda."

Shauri lilikuwa lisikilizwe barazani kesho yake. Na hapo Pendo akanipa habari ya kuchekesha: pale mawakili hawaruhusiwi kusema.

"Sasa umepanda mlima wote huu kufanya nini?"

"Kukufundisha wewe useme, bibi."

Jioni nzima tulifanya mazoezi. Aliniambia niseme mambo matatu tu: shamba lilitoka kwa nani, niliazimisha kwa nini, na nini kimepita kati yetu tangu hapo. Nilianza na bibi yangu, nikafika kwenye harusi yake, nikaingia njaa ya mwaka ule wa nzige. Pendo akaweka kalamu chini.

"Bibi, baraza litalala."

"Waache walale. Wakiamka nitakuwa nimefika kwa mama."

Tulicheka, lakini nilimwona uso. Jambo la tatu ndilo lililomsumbua. Nilichokuwa nacho kati yangu na Dominiko ni jogoo niliyemkataa, basi. Tukalala hivyo.

Kwa hiyo sasa mnaelewa kwa nini tochi ile alfajiri ilinistua. Nilifika mlangoni nimejifunga blanketi, nikamkuta Scholastika, mke wa Dominiko, amesimama na kikapu cha njegere na viazi. Umande ulikuwa umemlowesha mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ina maana ni wewe siku zote?"

Akainamisha kichwa. "Mama yangu alinifunza, usile cha shamba la mtu bila kumpelekea ngoto. Yeye jogoo aliporudishwa alifurahi. Mimi chakula kilinikaa hapa." Akagusa koo. "Kila tukivuna nakuletea. Hata safari hii."

Vikapu viwili vya kwanza vilikuwa vinaning'inia jikoni kwangu. Nilivitunza nikingoja mwenyewe avifuate. Nilidhani ni kina mama wa jumuiya, nikawashukuru mbele ya wote siku ya sala, na Veronika wa kwaya akajibu, "Karibu mama, ni kidogo tu," naye hajaniletea hata punje moja!

Macho ya Pendo yaling'aa gizani. Alifungua kinywa, nikajua anataka kusema nini. Scholastika naye alijua.

"Dada, usinipeleke barazani. Ni mume wangu."

Pendo akafunga kinywa. Kisha akasema, "Sikupeleki. Njoo uote moto, umelowa." Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa sheria zake zote.

Scholastika alipokwisha kuondoka, Pendo aliniambia, "Bibi, ni shahidi wako. Lakini kumtaja au kutomtaja ni juu yako. Ukinyamaza, unaweza kulikosa shamba."

"Najua."

Saa nne tulikuwa ofisi ya kata. Mwenyekiti alikuwa mzee Bartholomeo, na wajumbe wenzake wanne, wawili wao wanawake. Pendo alikaa nyuma kabisa akitafuna kalamu. Dominiko akaeleza habari ya jogoo, vizuri tu, hakuongeza uongo. Zamu yangu ikafika. Bibi yangu nilimmaliza kwa sentensi moja, nikasikia Pendo akishusha pumzi. Nikasema habari ya mtaro, mkono na kuazimisha.

"Na ngoto?" akauliza mzee Bartholomeo. "Ulipokea au hukupokea?"

"Jogoo nilimrudisha kwa ajili ya watoto. Ngoto nilipokea." Nikafungua ile khanga ya yule mama wa chapati, nikaweka vikapu vitatu mezani. "Mavuno matatu, vikapu vitatu. Hiki cha mwisho ni cha leo alfajiri. Njegere bado mbichi, zioneni."

"Aliyeleta ni nani?"

"Sitasema, mzee."

"Mama Martina, baraza linauliza!"

"Baraza lina haki ya kuuliza. Lakini aliyeleta alikuja gizani kwa heshima yake, nami sitamtoa mchana."

Watu wakaguna. Dominiko akatabasamu, akasema, "Basi vikapu vinauzwa hata sokoni, mzee."

Lakini wale wajumbe wawili wanawake walikuwa wameshavisogeza vikapu karibu. Mmoja akapitisha kidole kwenye ukingo, mahali ambapo ukindu mweusi ulipishana mara mbili. Akamnong'oneza mwenzake. Wakatazama upande wa wanawake, na wanawake wote wakatazama mahali pamoja. Kwetu mkono wa msukaji unajulikana kama sura yake. Mzee Bartholomeo peke yake ndiye aliyekuwa hajui kitu.

"Jamani, kuna nini?"

Scholastika akasimama.

"Nilileta mimi. Ni ngoto ya misimu yote mitatu. Nilijua shamba ni la mama Martina, na mume wangu anajua."

"Scholastika!" Dominiko akaruka. "Wewe, nyumbani mwangu!"

"Ndiyo, mimi. Na ukitaka kumsema yule jogoo, mbona husemi ulikula mapaja yote mawili?"

Ofisi nzima ikalipuka kwa kicheko. Hata karani aliweka kalamu chini akajifuta macho. Dominiko alibaki amesimama, kisha mabega yakamshuka, na mwishowe nikamwona anaumauma mdomo asicheke.

"Lilikuwa moja na nusu," akasema.

Baraza halikuhitaji hata kutoka nje kushauriana. Shamba likarudi kwangu, na mzee Bartholomeo akaagiza iandikwe kwamba halitauzwa kwa mtu yeyote bila idhini ya mwanamke mwenye nalo. Mimi nikaomba kabichi zilizokuwa shambani wazivune Dominiko na mkewe, maana walizimwagilia wao. Pendo alinikumbatia nje mpaka mkono ukauma. Aliteremka na lori la saa nane, amekaa juu ya magunia ya karoti na raba zake zenye matope, akanipungia mpaka konani. Kulikuwa na mama mwingine anamngoja Kisaki, alisema, na mwaka wa mfuko ulikuwa umebaki miezi mitano tu.

Niliogopa kidogo kwa ajili ya Scholastika. Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, nilivichukua vile vikapu nikavirudisha mwenyewe, mchana kweupe. Kwetu kikapu hakirudi kitupu, nikatia mahindi mabichi katika vyote vitatu. Nilimkuta Scholastika anamenya viazi uani, na Dominiko amekaa kando yake, naye anamenya, vibaya sana, anapoteza nusu ya kiazi.

"Hodi."

"Karibu, mama." Scholastika ndiye aliyejibu, na uso wake ulikuwa umekunjuka kwa furaha.

Tukala mahindi. Tukazungumza habari za mvua na za mfereji uliobomoka. Niliposimama kuaga, Dominiko aliinuka. Akanisindikiza hadi mwisho wa ua, na penye korongo akanishika mkono ule mbovu nivuke, taratibu, kama anayeshika yai. Nilipokwisha kuvuka bado alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mama Martina," akasema, akitazama chini, "uje tena. Usikae muda mrefu. Uje."