Kumchagulia Kiyoharu Gari

Mimi sidanganyi kuhusu injini. Mengine nadanganya kama watu wote. Nimewahi kumsifia mke wangu supu huku natafuta maji ya kunywa. Lakini mtu akinifungulia boneti akaniuliza, namwambia nilichokiona. Kuhani wa hekalu la mtaani kwetu alitokwa na machozi siku niliyomwambia gari lake ni maiti, na kwamba sitapokea tena hela zake za kulifufua. Nina miaka thelathini ya gereji hapa Ueda, Japani, na watu wakielekezana kwangu husema, "Nenda kwa Sadaomi. Atakutukana, lakini hatakuibia."

Hakuna aliyelijua hilo zaidi ya mdogo wangu Kiyoharu, mwalimu wa hesabu, mtu wa kupanga penseli kwa urefu.

Mwezi wa nne mwaka wa 1993 Kiyoharu alipimwa tumbo. Yeye akiwa bado anavaa shati chumba cha pili, daktari alituita pembeni mimi na Fusae, mke wake. Saratani, akasema, na imeshasambaa. Mwaka mpya pengine hatauona. Kisha akatuuliza mgonjwa tumwambie nini, kama madaktari wote walivyokuwa wakiuliza wakati ule. Fusae akajibu haraka, "Kidonda cha tumbo." Daktari akaandika. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa kukubali. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mgonjwa ndiye wa mwisho kujua, na mara nyingi hajui kabisa. Baba yetu naye alikufa kwa "kidonda", na tuliokuwa tumepiga magoti kando ya godoro lake tukimwambia atapona tulikuwa mimi na Kiyoharu.

Haikupita mwezi, akanipigia simu.

"Kaka, nataka gari la spoti."

"Nani? Wewe? Unayeshuka kwenye baiskeli kwenye mteremko?"

"Mimi huyohuyo. La mtumba. Njoo unitazamie, usije ukaniacha nikauziwa chuma chakavu."

Nilipokwenda kumchukua, Fusae alinidaka mlangoni. "Shemeji, nakuomba," akasema. "Uso wako. Uangalie uso wako." Nikamwambia uso wangu umeshazoea kukunjamana, hakuna atakayeona tofauti.

Mwaka ule bei za magari ya spoti zilikuwa zimeporomoka. Matajiri wa juzi walikuwa wanauza walichokuwa nacho, na yadi iliyo kando ya mto Chikuma ilijaa magari ya watu waliofilisika. Kiyoharu alikuwa ameshachagua mawili. La kwanza la buluu, refu, limelala chini, injini yake ile isiyo na pistoni, yenye rota inayozunguka. La pili dogo, jeupe, la kufunua paa. Yote mawili yalikuwa ya viti viwili.

Nililala chini ya yale magari kwa saa nzima. Jeupe lilikuwa na kutu kidogo chini ya milango, ile ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, basi. Vipuri vyake unavipata hata kwa muuza baiskeli. La buluu nililipima nguvu ya mgandamizo, rota ya nyuma ikawa hoi. Sili, zile za kuzuia mgandamizo usivuje, zilikuwa zimekwisha. Ukiliendesha kwa adabu litakupa mwaka mmoja. Baada ya hapo injini chini, na gharama ya kuifungua na kuijenga upya inakaribia bei ya gari lenyewe. Na ukaguzi wa serikali wa kila miaka miwili lilikuwa limebakiza miezi minane tu.

Kiyoharu alisimama ameweka mkono juu ya paa la lile la buluu. Tangu akiwa mwanafunzi akipitwa na gari la namna ile alikuwa anageuka mwili mzima.

"Haya, fundi," akasema. "Lipi?"

Nilijua ningemwambia nini mtu mwenye miezi sita. Chukua la buluu. Mchukue mkeo, pitisheni gia zote hadi baharini, na likitaka kufa njiani wakati wa kurudi, life. Neno lilifika mdomoni. Lakini Kiyoharu hakuwa anaangalia magari. Alikuwa ananiangalia mimi, hapa mdomoni, hapepesi. Nikafikiri: mimi niliyemliza kuhani nikisema nunua hiyo takataka, ataniuliza kwa nini, nami nitamjibu nini?

"La buluu ni mai…" Nikalimeza. "Limechoka. Mwaka mmoja, halafu utaniletea kwa kamba. Jeupe nikilibadilishia mkanda wa taimingi na pampu ya maji, miaka kumi hulioni gereji."

"Miaka kumi?"

"Kumi. Labda uligonge ukutani."

"Hata nikikwambia roho yangu iko kwa la buluu?"

"Roho ipeleke sinema. Una miaka arobaini na saba, una mke. Nunua gari la kuzeeka nalo."

Akacheka. Alicheka hadi akashika tumbo, kisha akaniinamia, mbele ya mwenye yadi, akainama chini kabisa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Nilidhani anafurahia gari.

Jioni Fusae alinipigia. "Shemeji, umemfanyia nini? Amekula mabakuli mawili ya wali! Ameimba bafuni!" Tukapongezana. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo tulivyofanya: tulipongezana kwenye simu kama watu waliofaulu mtihani.

Gari lile nililitengeneza kwa wiki tatu. Nilibadilisha mkanda, pampu, mipira yote ya maji, klachi pia, ingawa ilikuwa bado. Nilikwangua kutu kwa mkono. Labda nilikuwa najiadhibu. Labda kazi mbovu siijui. Huku polisi wakaja nyumbani kwake na futi kupima nafasi ya maegesho, maana bila cheti hicho gari haliandikishwi, na Kiyoharu akawapokea kwa chai na plamu za chumvi, akiwaonyesha kwamba yeye ameshapima mara tatu.

Kisha gari likakaa palepale lilipopimiwa. Jumapili alilitoa hadi dukani na kurudi. Siku nyingine hakuwa na nafasi, kwa sababu mwezi wa sita alikuwa amejitolea kufundisha masomo ya ziada likizo nzima ya joto, wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Fusae alimwomba waende Noto kuona bahari, mahali walipokwenda walipooana. Akamwambia, "Mwakani. Gari lipo, haliharibiki. Kaka kasema."

Nilipoyasikia hayo kwa Fusae, nilirudi chini ya gari nililokuwa natengeneza. Ningesemaje?

Mwezi wa kumi alilazwa. Macho yalikuwa ya njano, mikono imebaki mifupa. Mchana mmoja Fusae alikuwa ametoka kununua mapeasi, tumebaki wawili.

"Kaka, lile la buluu liliuzwa?"

"Kitambo. Lilichukuliwa na kinyozi wa Komoro."

"Linatembea?"

"Linatembea." Lilikuwa limekuja kwangu kubadilisha oili wiki iliyotangulia, linanguruma vizuri tu. Ningetamani liwe limekufa.

Akatazama dari. "Siku ile sikuja kuchagua gari," akasema.

"Ulikuja kufanya nini?"

"Kukuuliza. Ningemuuliza daktari, angesema kidonda. Fusae angesema kidonda. Baba alipotuuliza, mimi mwenyewe nilimwambia kidonda. Nikasema, yupo mtu mmoja asiyedanganya, na hata yeye ni kwenye injini tu. Akiniambia chukua la buluu, nimekwisha. Naandika barua ya kuacha kazi kesho yake, nampeleka Fusae Noto kabla mvua hazijaanza. Akiniambia jeupe, nitapona."

Nikavuta kiti karibu na kitanda.

"Ukasema miaka kumi," akamalizia.

"Mdogo wangu, nisamehe."

"Usilie, wa kitanda cha pili anasikiliza. Nimelala vizuri miezi minne, kaka, kwa hilo nakushukuru." Akavuta blanketi hadi kifuani. "Lakini joto lote nimefundisha hesabu. Hesabu, kaka!" Alijaribu kucheka, ikatoka kikohozi.

Hakuwa na hasira. Angenitukana ningepata pa kushika. Alinyoosha mkono akanigusa goti.

"Sasa niambie. Kama fundi."

Nilimtazama kama nilivyopaswa kumtazama tangu mwezi wa tano, nikamwambia. "Wiki mbili. Zikizidi, tatu."

Akashusha pumzi ndefu. "Ahsante. Kalilete gari basi."

Fusae nilimkuta kwenye korido. Nilimwambia anajua, na namna alivyojua. Alinipiga kifuani na mfuko wa mapeasi, mara mbili, kisha akakaa kwenye benchi. "Basi miezi yote hii," akasema, "nilikuwa namchekea nani?" Alilia kidogo, akanawa uso bombani, akaniomba nimpe ufunguo mara nitakaporudi na gari.

Daktari alitoa ruhusa ya saa moja. Tulimfunga Kiyoharu mablanketi mawili na kofia ya sufu, tukamteremsha kwa kiti cha magurudumu. Alitaka paa lifunuliwe. Nesi akasema baridi, Kiyoharu akamuuliza baridi itamfanya nini tena, na nesi wa watu akageukia ukutani. Nikamnyanyua nikamweka kwenye kiti cha abiria. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilikosea nguvu, nikamgonga bega mlangoni.

"Kaka, na wewe utapanda wapi?"

"Kwenye buti."

"Halikutoshi. Umenenepa."

Noto haikuwezekana, wote tulijua. Fusae alisema atampitisha juu ya tuta la mto, mwendo wa taratibu, aone maji. Hakuwa dereva mzuri. Akatia ufunguo, akazungusha, na injini ikaitika mara ya kwanza, safi, bila kusitasita. Kiyoharu akaniinulia mkono bila kugeuka. Wakatoka getini.

Nilibaki kwenye maegesho nimeshika ndara zake za hospitali. Niliusikiliza mlio ukipanda, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukipinda kuelekea mtoni. Masikio yangu yalitafuta kasoro, mkanda unaolia, mvuto unaokatika, chochote. Sikuipata hata moja, na nililia palepale, kwa sauti, watu wakipita.