Visima Vilivyozama Baharini

Babu Visima alikuwa anastaafu Ijumaa, na vipimo vyake vya miaka thelathini vya kina cha maji visimani vilikuwa mbioni kustaafu naye. Namba zilikuwa kwenye faili, lakini maelezo yake, "Kila kitu kipo kichwani," alizoea kutuambia. Basi katika darasa langu la kushirikishana data nikaweka sheria: mpe jirani faili lako achore ramani, nawe ufunge mdomo.

Jirani wa Babu darasani, dada anayepima matetemeko ya ardhi, alichora, kisha akashika mbavu kwa kicheko. "Babu, visima vyako vyote viko katikati ya bahari!"

Babu akainuka, miwani puani. "Nani kavihamisha?"

"Wewe! Safu zako hazina vichwa, nami nimesoma latitudo mahali pa longitudo."

"Si ungeuliza, mjukuu wangu?"

"Ukishastaafu nitamuuliza nani?"

Darasa likaangua kicheko. Babu hakucheka. Nikamnong'oneza kwamba mimi niliwahi kuzamisha mlima mzima ziwani, kwenye ramani, mbele ya wakubwa, na bado naishi.

Akavuta kiti, akaandika vichwa: latitudo, longitudo, kina kwa mita. Ramani ikachorwa upya, na visima vyote vikarudi nchi kavu.

"Haya mwalimu," akasema, "sasa lete na huo mlima wako tuuopoe."