Uzi wa Kijani kwenye Kitasa

Nyumba ilikuwa ya Mama. Aliijenga kwa cherehani, akishona sare za shule mwaka baada ya mwaka hadi kidole chake cha shahada kikaota sugu ngumu kama gamba, na hakuna mtu katika familia ile aliyethubutu kusema kwamba ni ya mwingine. Lakini presha ya macho ilipomzimia dunia, kuta, madirisha na sebule viliangukia mikononi mwa binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mapazia.

Jina hilo hakupewa kwa uonevu. Alikuwa mpokea wagonjwa katika zahanati ya meno, na hata huko hakutulia. Viti vya kusubiria alivihamisha hamisha mpaka daktari akalalamika kwamba watu wenye maumivu wanasimama ukutani, wakingoja viti vipatiwe mahali pake. Nyumbani hakukuwa na daktari wa kumzuia. Alibadili mapazia kama wenzake wanavyobadili nguo. Ukuta wa sebule ulikuwa rangi ya maziwa, ukawa wa udongo, ukawa wa majivu, kisha ukarudi kuwa wa maziwa. "Lakini haya ni maziwa tofauti," alisisitiza, na fundi rangi akaapa mbele ya majirani kwamba ni kopo lile lile. Jioni, badala ya kuzungumza na mama yake, alikodolea macho picha za sebule za watu wengine, zilizotumwa katika kundi la simu la wapenda nyumba, akiguna kwa uchungu kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Mama, rafu nimeihamishia karibu na dirisha. Chumba sasa kinapumua."

"Najua. Bega langu limeshakutana nayo."

"Pole, Mama. Utaizoea."

"Nikishaizoea, utaihamisha."

Ndivyo Mama alivyoishi. Nyumba aliyoijua kwa viganja ilimponyoka viganjani. Akishaijua kona ya meza, kona inahama. Akishalijua zulia linapoanzia, zulia limekunjwa na jingine limetandikwa, lenye ukingo mnene wa kumkwaza. Miguu yake ilijaa michubuko chini ya kanga. Hakulalamika sana, kwa maana mwanamke aliyelea watoto wawili kwa kukanyaga pedali hana mazoea ya kulilia meza. Jambo moja tu alilishikilia kwa meno: kwenda chooni peke yake.

"Siku nitakaposhikwa mkono kupelekwa chooni," alimwambia mwanawe mkubwa, "jueni nimeshakufa. Mtakuwa mnachelewa tu kuchimba."

Mwana huyo alikuwa mkaguzi wa mizani. Alishinda masokoni akipima mawe ya wauzaji, na dada yake, ambaye hakuogopa mtu, alimwita Ratili. Maneno ya mama yake hayakumchekesha, kwa sababu alijua hatari ilipojificha. Mwishoni mwa korido kulikuwa na milango miwili ya upande mmoja, imefuatana, mbao zake sawa na vitasa vyake sawa. Wa kwanza ulifungukia ngazi za saruji zilizoshuka wima hadi uani, kwenye jiwe la kufulia. Wa pili ulikuwa wa choo.

Mama alilimaliza jambo hilo mwenyewe. Alichukua kipande cha uzi wa sufu wa kijani, uliosalia kutoka kwenye sweta za shule, akaufunga kwenye kitasa cha choo kwa fundo lake la kazini, lile linalozungushwa na kubanwa hadi ncha zake zikajificha. Tangu hapo alipapasa ukuta bila wasiwasi. Kitasa kitupu, alikipita. Kitasa chenye uzi, alikifungua. Hakukosea hata mara moja, na alipotoka chooni alitembea kwa namna ya mtu aliyemshinda mtu.

Mapazia aliteseka. Alimvizia kaka yake alipokuja kuwasalimu.

"Kaka, umekaona kale kauzi? Kanaharibu korido nzima."

"Huo uzi usiguswe."

"Sijasema nautupa. Nasema tu..."

"Usiguswe. Niapie."

"Mbona unaniongelesha kama mtu uliyemkamata na jiwe pungufu?"

"Niapie mbele ya Mama."

Mama, aliyekuwa akimenya viazi kwa ncha za vidole, hakuinua kichwa. "Mwapishe," alisema. "Huyu akikuta mbingu ina nyota nyingi upande mmoja, ataomba ngazi."

Mapazia alicheka, akaapa kwamba uzi wa mama yake hataugusa. Wala hakuwa mwongo. Ni haki kulisema hilo mapema: neno alilolitoa alilitimiza lote, jinsi lilivyotamkwa.

Kisha kundi la simu likakubaliana kutembeleana, ili watu waone kwa macho yale waliyokuwa wakisifiana kwenye picha. Zamu ya Mapazia ilipokaribia, aliomba ruhusa kazini akaishambulia nyumba. Makochi yalivishwa vitambaa vipya. Picha za ukutani ziliteremshwa, zikapandishwa, zikateremshwa. Korido ilipakwa rangi, ikawekewa taa ya ukutani na zulia jembamba. Alipoipiga picha kutoka sebuleni, kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa pale mwisho: kitasa kimoja kina uzi, kingine hakina. Alipiga tena akiwa amechutama. Akapiga tena akiwa juu ya kigoda. Haikusaidia.

"Mlango mmoja umevaa, mwingine uko uchi," alimnong'oneza jirani yake aliyekuja kuangalia kazi.

"Sasa si uuvue uliovaa?"

"Nimeapa."

"Basi vumilia, shoga yangu. Nani atakuja kwako kuangalia mlango wa choo?"

"Mimi nauangalia," alijibu Mapazia.

Uzi hakuweza kuugusa, lakini hakuna aliyemkataza kuupatia mwenzake. Alizunguka kwa wauza sufu na picha ya kitasa kwenye simu, akitoa nyuzi nje ya maduka ili azitazame juani. Kijani hiki kilikuwa kimezidi umanjano, kile kimezidi giza. Hatimaye, katika duka lililokuwa likiuza sare za shule tangu yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi, akalipata donge la sufu ile ile. Aliporudi alipiga magoti mbele ya mlango wa choo, mikono kaiweka nyuma kama mtoto aliyekatazwa kushika, akalisoma fundo la mama yake kwa macho. Akalijaribu kwenye mguu wa kiti. Akalifungua, akalirudia, mpaka likawa lile lile, mbano ule ule, na ncha zimejificha.

Angekuwa mzembe kidogo tu, mama yake angesalimika. Sufu laini zaidi, fundo legevu, ncha iliyochomoza, na vidole vile vya fundi cherehani vingeshtuka. Lakini Mapazia hakuwa mzembe.

Asubuhi ya ugeni, Mama akiwa chumbani anasukwa nywele na jirani, Mapazia aliufunga uzi mpya kwenye kitasa cha mlango wa uani. Akarudi nyuma, akaitazama korido, na kifua chake kikatulia. Hakumwambia mama yake. Si kwamba alimficha. Haikumpitikia kwamba kuna la kuambiwa. Kwake uzi ulikuwa kitu cha kutazamwa.

Wageni walikuja, wakavua viatu mlangoni, wakasifu. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na korido, amevaa vizuri, akisikiliza.

"Mama, binti yako ana mkono!" mmoja alimwambia.

"Mkono anao. Kutulia ndiko hajui."

Walicheka, na Mapazia akacheka nao. Baadaye kidogo Mama alisimama. Mgeni mmoja alimwahi kiwiko.

"Niachie, mwanangu," Mama alisema kwa upole. "Nyumba hii nimeijenga mimi. Choo changu nakijua."

"Mwacheni," Mapazia aliwaambia wageni, akiona fahari. "Anajiweza kabisa."

Mama aliingia koridoni, kiganja kikiteleza ukutani kwenye rangi mpya. Kilikutana na kitasa cha kwanza. Kilikuwa na sufu. Alipitisha kidole juu ya fundo, akalitambua, kwa kuwa lilikuwa fundo lake. Akafungua, akaingia.

Sebuleni walisikia kishindo uani. "Paka huyo," alisema Mapazia. Upepo ukapita kwenye korido, ukayainua mapazia mapya yakatoka kwenye mikunjo yake, naye akaenda kuyanyoosha kwanza. Alikuwa ameshika mkunjo wa mwisho alipojiuliza upepo umetokea wapi.

Mama hakufa. Nyonga ilivunjika, na pamoja nayo mfupa wa paja. Hospitali ilifanya ilichoweza, kisha ikamrudisha nyumbani akiwa amelala, na maelezo kwamba hatasimama tena.

Siku Mama aliporudishwa, kaka yake Mapazia alifika bila kusalimu. Alikwenda moja kwa moja mwishoni mwa korido, akasimama mbele ya vitasa viwili.

"Sikuugusa!" Mapazia alimfuata akilia. "Angalia mwenyewe, Kaka. Uzi wa Mama uko pale pale. Niliapa, na sikuugusa!"

Mkaguzi alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akazichanganya nyuzi kiganjani, akamnyooshea.

"Upi wa Mama?"

Mapazia aliinama, akafuta machozi ili aone vizuri. Akazigeuza kwa kucha, akazitazama kwenye mwanga wa ile taa ya ukutani.

"Huwezi kujua," alisema. "Zinafanana kabisa."

Katika sauti yake mlikuwa na fahari, kidogo, kama harufu ya rangi iliyosalia chumbani. Aliisikia mwenyewe. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kaka yake akazitia nyuzi mfukoni, akampita.

Chumbani mwa Mama, Mapazia alikuwa ameshaanza. Pazia zito lilikuwa limeondolewa, jepesi limetundikwa. Meza ya dawa imesogezwa. Kiti kimeletwa kutoka sebuleni. Hakujua njia nyingine ya kuomba msamaha.

"Humu usiguse kitu," kaka yake alisema mlangoni. "Unanisikia? Hata kijiko."

"Nataka tu kitanda kielekee dirishani, apate..."

"Apate nini? Aone nini?"

Mama alikuwa amelalia mgongo, mikono juu ya shuka, kidole cha shahada kikisugua kitambaa kama anayepima mshono.

"Mwache apange," alisema. "Mimi sina pa kwenda tena."

Kaka akatoka. Mapazia alikuwa amekiinua kile kiti, akatazama dirisha, akatazama pembe, akatazama upande wa kichwa cha mama yake. Hakuona pa kukiweka. Akabaki amesimama katikati ya chumba, amekikumbatia.