Yai la Mti Limepoa

…ishirini na nne, bado ile ile ishirini na nne, na simu nimeiegemeza kwenye ndoo ili niisome bila kuishika maana mikono yangu yote ni magamba, huyu ni sato wa tatu, wamebaki wawili, na mama mkwe wangu Rebeka yuko pale kwenye kigoda anabangua karanga na kuongea, anaongea tangu chai ya asubuhi, mimi naitikia eeh mama, kumbe, ndiyo mama, macho yangu yako kwenye kioo cha simu, nyuzi joto ishirini na nne, wakati siku ishirini na tisa nzima yai langu limekuwa likisema thelathini na tano, thelathini na tano na nusu, thelathini na tano, mchana na usiku, hadi nikawa naamka nasoma namba hiyo kabla sijamsalimia Clementi, naye akasema haya, kumbe nimeoa mke wa korongo, akageukia ukutani akalala tena… na ni yai langu kweli, nimelichonga mwenyewe kwa mti mwepesi nikalipaka rangi hapa hapa uani Makoko, ndani yake nikakitia kihisi kidogo kama kifungo cha shati, kila dakika kumi kinapima joto na kurusha namba bila waya mpaka kwenye antena iliyo juu ya bati la shule ya Buswahili, na kutoka hapo namba inakuja kwangu, nakaa Musoma nikiparua samaki huku najua kama mama korongo wa kule kwenye majimaji ya Buswahili amekalia mayai yake au ameinuka, nani angeniambia nikiwa mtoto kwamba kuna kazi ya namna hii… nililiweka katikati ya mayai yake mawili, nikatoka mbio na matope mpaka kiunoni, nikajibanza nikaangalia, akarudi na taji lake la dhahabu kichwani, akaligeuza mara moja kwa mdomo, akaliatamia kama amelitaga yeye, na mimi nikalia machozi palepale kama mjinga.

"Mwanangu, huyo samaki unamparua ama unambembeleza?" Namparua mama, nasema, nampitishia kisu, magamba yanaruka mpaka kwenye kioo cha simu, ishirini na nne, saa tatu na dakika kumi asubuhi ndipo iliposhuka na haijapanda tena, na ujumbe wa Revocatus, bosi wangu wa ofisi ya mradi wa ndege kule Bunda, uko hapo juu yake, naomba ripoti ya kiota namba saba kabla ya saa sita, tiki sehemu husika tu… sehemu husika ni tatu, kiota kimeishaje, vifaranga vimetoka, wanyama, watu, rahisi kabisa, kidole kimoja, lakini mwaka huu viota viwili vya Buswahili vimeshatikiwa watu, na cha tatu kikitikiwa watu kamati ya hifadhi inafunga majimaji yote, hakuna kukata mafunjo mpaka mwakani, yaani hakuna majamvi, na bila majamvi kina Mama Eufrasia watakula nini… Mama Eufrasia, afadhali nisingemkumbuka, maana jana alinipigia mara tatu na mara tatu sikupokea, nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikasema nitampigia baadaye, sikumpigia, leo yai limepoa, na sehemu ile kiota kilipo ni sehemu anayokata yeye, kila mtu anajua, kwa hiyo ni nani mwingine, ameingia na mundu wake, ndege ameruka, kenge akamalizia, kisha mwenyewe akashikwa na hofu akanipigia kuungama… hapana, alipiga jana na joto limeshuka leo, basi labda alipiga kuniambia kwamba ataingia, labda ndio hivyo, na wiki iliyopita nilipokwenda shuleni kuangalia antena nilimwona, yuko mbali kule upande wa kina kirefu ambako hata wanaume wanakwenda wawili wawili kwa sababu ya mamba, maji yamemfika kifuani, anakata, nikampungia mkono, akaitikia kwa kichwa tu, hakuja, na mimi nikajisemea huyu mama ananikwepa, ana jambo, mtu mwenye amani hakwepi salamu, nikaenda zangu nikiwa nimekunja uso, na sasa naona kidole chenyewe kinataka kwenda kwenye watu, kingekuwa kikavu kingeshakwenda…

"…alikuwaga mkali huyo mama mdogo wangu, lakini kuhusu mafunjo hakuwa anagombana na mtu, sisi Buswahili tulikuwaga na utaratibu wetu," mama mkwe anasema, sijui ameanzia wapi, karanga zinadondoka kwenye ungo, "ukifika ukakuta mtu amefunga vichwa unapita, hata shina liwe nene namna gani unapita, hata kama ni adui yako, unaenda kukata kwingine mpaka mwenyewe akate ama akupe ruhusa…" eeh mama, nasema, na naangalia namba, halafu kisu kinasimama. Amefunga vipi, mama? "Si anakusanya vichwa vitatu vinne vya mafunjo anapiga fundo? Ndo anasema hapa ni pangu, nitarudi. Nyie wa Guta mnajuaga pamba tu." Anacheka, nacheka na mimi, cheko la mdomoni tu, kwa sababu fundo nililipiga mimi… vichwa vinne, hatua kumi kutoka kwenye kiota, ili nikirudi nisipotee, tena nikajisifu kwa Revocatus kwamba sikutumia utepe mwekundu wa kuwatisha ndege, nimetumia akili, nimefunga mafunjo yenyewe, haina gharama, naye akasema safi sana Dorah… safi sana, nimekwenda na buti za mradi nimesimama katikati ya shamba la mwenzangu nikatangaza kwa lugha yake kwamba hapa ni pangu, nitarudi, na sikurudi, siku ishirini na tisa sikurudi kwenye fundo, nilikuwa nasoma namba… na yeye amefika na mundu wake, ameona fundo, amejua ni la yule dada wa ndege maana nani mwingine amepita, hajalifungua, hajauliza kwa ukali, amegeuka akaenda upande wa mamba, maji kifuani, ananiitikia kwa kichwa kwa sababu ana mzigo wa mafunjo begani na mikono yake haina nafasi, Dorah, mzigo, uliuona kabisa na hukuufikiria… sasa jana amepiga simu mara tatu, mafunjo yanakomaa sana, anataka kuuliza kwa adabu mwenye fundo atakata lini, anaomba ruhusa ya kuingia kwake mwenyewe, na mwenye fundo anaimba sauti ya pili kwenye kwaya.

Uso umewaka moto, nashukuru nimeinamia samaki, na huku naona haya kuna kitu kingine kinanipanda taratibu na ni furaha, maana kama hakuingia mtu basi yai limepoa kwa nini… subiri, subiri, tangu jana jioni namba zilikuwa zinachezacheza, thelathini na tano, thelathini na mbili, thelathini na tano, thelathini na tatu, nikasema kuna mtu anamsumbua ndege, lakini zilicheza hata saa tisa usiku, saa tisa usiku nani anakata mafunjo na viboko wako malishoni, hakuna, hata mwizi hayupo, huyo alikuwa anainuka mwenyewe… anainuka, anasikiliza, anakaa, anainuka tena, kama kuku wa mama yangu Ursula kule Guta, yule mwekundu tuliyemwatamisha kwenye kikapu cha pamba chini ya kitanda, mimi nilikuwa nikimuinua kila saa kuona kama tayari, mama akanichapa kiganja, muache, utamfanya asuse, na siku ya mwisho kuku mwenyewe ndiye hakutulia, anasimama, anainamisha kichwa, anaongea na mayai kwa sauti ya chini, mama akasema umeona, sasa wanajibizana, na asubuhi kikapu kilikuwa na maganda tu… na vifaranga vya korongo havikai kwenye kiota, vikikauka manyoya vinaondoka siku hiyo hiyo nyuma ya wazazi, vinatembea, ndivyo nilivyofundishwa, nimeandika kwenye mtihani nikapata A, na leo namba imeniambia jambo lile lile nikasoma wizi, kwa sababu nilikuwa nimeshampata mwizi kabla… yai la mti limepoa kwa sababu ni la mti, limebaki peke yake, wenzake wameanguliwa, na nikijiambia hivyo nasikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu, viwili, labda viwili, rangi ya nyasi kavu, sasa hivi vinayumbayumba kwenye majani na baba yao anapiga ule mlio wake wa tarumbeta.

Lakini sitatiki, hata vifaranga vimetoka sitatiki, nimekwisha kutiki kichwani leo asubuhi na niliona nilikofika, Revocatus atasubiri mpaka Jumatatu nikaone maganda kwa macho yangu, atanuna, na anune… vile viota viwili vya kwanza, vilivyotikiwa watu, nani alivitiki, ni mimi, kwa namba tu, nikiwa nimekaa hapa hapa, na mafundo nilifunga pia, nilifunga kila mahali, kina mama wangapi wamepita pembeni kwa heshima yangu wakaenda kwenye kina kirefu, nikawaandika kwa majina kwenye ripoti… "Ursula alikuwaga anakuambia unachelewa hivi kwenye samaki?" Mama mkwe ananyoosha shingo. Alikuwa ananiambia, mama. Ishirini na nne. Namchukua sato wa nne, najaribu maneno kimoyomoyo, shikamoo mama Eufrasia, ni mimi Dorah, naomba ruhusa yako Jumatatu niingie pale kwako, nikifika nitakuambia mengine, na itabidi nimwambie kabla kamati haijakaa, yote, mpaka lile nililoliandika juu yake kwenye ripoti ya mwezi wa tatu.