Mguu wa Mashoto

Daktari alimweleza taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Kidonda kilikuwa kimeoza mpaka mfupani, sukari imekizidi nguvu, na mguu usipokatwa chini ya goti, mzee hangeiona Pasaka. Mashimba Malimi alisikiliza huku ameangalia dirishani. Daktari alipomaliza, akauliza, "Huu wa kushoto?"

"Ndiyo huo, mzee. Wa kulia mzima."

"Basi kateni wa kulia."

Daktari alidhani ni utani, akacheka kidogo. Bernadeta, mkewe, hakucheka. Walikuwa wamezeeka pamoja kule Mabatini, na alijua mumewe hana mzaha na mguu ule.

Zamani, kabla uwanja wa Kirumba haujajengwa, mpira mkubwa wa Mwanza ulichezwa Nyamagana. Kijana mmoja aliyetoka kuchunga ng'ombe Kisesa alikuwa winga wa timu ya kiwanda cha kuchambua pamba. Jina lake, Mashimba, hakuna aliyelitumia; kwa ajili ya mguu wake wa kushoto watu walimwita Mashoto. Akipata mpira pembeni, jukwaa lilisimama kabla hajafanya lolote. Nyuma yake alicheza beki aliyeitwa Okech, Mjaluo wa mwambao wa Mara, mkali uwanjani na mchekeshaji bwenini. Okech akipokonya, Mashoto alikuwa ameshakimbia. Hawakuhitaji hata kutazamana.

Mwaka wa sabini na nane jina la Mashimba likasomwa redioni: anatakiwa Dar es Salaam, kambi ya timu ya taifa. Bernadeta, wakati ule mchumba wake, akamshonea shati la safari. Hakulivaa. Kabla siku ya kuondoka haijafika, majeshi ya Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, na vijana wa kiwandani waliopitia mgambo wakaitwa.

"Wewe una kambi," Okech alimwambia. "Nenda kacheze. Sisi tutaimaliza hii kazi kabla ligi haijaanza."

Mashimba hakwenda kambini. Alipanda lori lile lile alilopanda Okech.

Kutoka mto Kagera walikwenda kwa miguu, mvua inanyesha, soksi zinaozea ndani ya buti. Kwenye kilima kimoja upande wa Masaka, ndani ya Uganda, makombora yakawashukia. Mashimba alipopata fahamu, nusu ya buti la kushoto haikuwepo, na kisigino kilikuwa kimekwenda nayo. Okech alikuwa amelala mbele yake kidogo, tumbo wazi, anaita.

"Mashoto. Maji."

Maji alikuwa nayo, kwenye chupa kiunoni. Akajivuta kwa viwiko, mguu ukanasa kwenye mizizi, akapiga kelele, akajivuta tena. Giza likamjia machoni. Alipozinduka, sauti ilikuwa imenyamaza, na chupa bado ilikuwa kiunoni kwake.

Vita ilipokwisha alikwenda kwa magongo mpaka kwa Atieno, mama yake Okech. Nyumba ilikuwa karibu na ziwa kiasi kwamba walizungumza huku mawimbi yanasikika.

"Alisema chochote?" mama aliuliza.

Mashimba angeweza kudanganya. "Aliomba maji, mama."

Atieno aliinuka. Kisha akachukua ndoo, akateremka ziwani, akarudi nayo imejaa, akaimwaga yote kizingitini. "Mtoto aliyezaliwa hapa," akasema, "amekufa na kiu." Hakumlaumu kwa neno, lakini hakumkaribisha chakula, na Mashimba akaelewa kwamba asirudi tena.

Alipoacha magongo, uwanjani alirudi mara moja tu. Nyamagana ilijaa watu waliokuja kumpokea. Mpira wa kwanza ulipomfikia, kichwa kilijua cha kufanya, kifundo hakikujua. Mpira ukatoka nje kama umepigwa na mlevi. Wa pili vilevile. Watu wakazidi kumpigia makofi, na hayo makofi ndiyo yaliyomvunja, maana aliyafahamu yale ya zamani, na haya hayakuwa yale. Akatoka mwenyewe kabla ya mapumziko, akavaa suruali juu ya bukta, akaenda nyumbani.

Akawa mlinzi wa geti pale pale kiwandani. Kiwanda kilipofungwa akahamia soko la samaki la Mwaloni, akishona midomo ya magunia ya dagaa. Siku za mechi kelele za Kirumba zilimfikia pale alipokaa. Wenzake waliacha kazi wakauliza nani kafunga, yeye akavuta uzi. Kidonda cha kisigino kilifunga na kufunguka miaka yote. Sukari ilipomwingia uzeeni, kikakataa kufunga.

"Baba Hellen," Bernadeta akamwambia mumewe baada ya daktari kutoka, "mguu huo ulikuacha huko huko Uganda. Mimi sikuolewa na mguu. Nataka mtu wa kurudi naye nyumbani."

Mashimba akaangalia tena dirishani. Kisha akakubali.

Baada ya upasuaji muuguzi akauliza: familia inauchukua, au hospitali iuchome?

"Uende Kisesa," Mashimba akasema.

Mdogo wake, Ngosha, hakupenda. "Kaka, utakuwa umetuchimbisha kaburi la mtu aliye hai. Wazee watasema unaitwa."

"Chimba."

Wakaufunga kwenye shuka jeupe, Ngosha na Bernadeta wakaupeleka kwa pikapu ya kukodi. Katekista alisema hana sala ya kiungo, akaishia kuongoza Baba Yetu. Shimo lilikuwa dogo kama la mtoto mchanga, kando ya kaburi la baba yao. Wakati udongo unarudishwa, simu ya Ngosha ikaita.

"Vidole vimeangalia wapi?" Mashimba aliuliza kutoka wodini.

"Vimeangalia mjini, kaka, upande wa Nyamagana."

"Vizuri."

Akarudi Mabatini, kidonda kikaanza kukauka. Asubuhi moja Bernadeta alikuwa uani anakoroga uji aliposikia anaitwa.

"Mama Hellen! Njoo, umerudi!"

"Nani karudi?"

"Mguu! Ule wa kabla ya vita. Una kisigino. Hauumi!"

Sauti ile Bernadeta hakuwa ameisikia tangu wakiwa vijana. Akaacha mwiko, akakimbia ndani. Hakuwahi. Mashimba alikuwa ameshasimama juu ya mguu usiokuwepo, na sasa amelala kwenye sakafu ya saruji, nyuzi zimefumuka, damu inapita chini ya kitanda. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia pale mguu ulipoishia, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta wenyewe wamehama.

Safari hii walikata juu ya goti. Muuguzi alikuja tena na swali lake. Bernadeta akamgeukia mumewe.

"Uchomeni," Mashimba akasema, akageukia ukutani.

Bernadeta akatoka kibarazani kumpigia Ngosha simu, amwambie asije na pikapu.