Jembe Siku ya Matanga

Mwaka ule wa 1957, Kokubanza alirudi kijijini Kagoma kutoka hospitali akawaambia watu ukweli: kizazi chake kimetolewa kwa sababu ya saratani, na sasa atavuka ziwa kwa meli, kisha apande treni hadi Nairobi, apigwe mionzi iue mabaki ya ugonjwa.

Kesho yake majirani walijaa uani, majembe wameyaweka chini. Kijijini hapo, mtu akifa, hakuna anayelima. Wifi yake Klaudia alikuwa analia kwa sauti.

"Mnamlilia nani?" Kokubanza aliwaka. "Daktari kanitoa kizazi, hakunitoa roho!"

Akanyakua jembe la Klaudia, akaingia migombani. Mshono ulimvuta, lakini alichimba shimo akapanda mche wa mgomba.

"Mkungu wa huu nitaukata mwenyewe," alisema. "Nyanyukeni, mkalime!"